Sikio la derela: kipuri kidogo kinachosimamisha baiskeli ya gia, na namna ya kupata kilicho sahihi Bujumbura

BUJUMBURA – Baiskeli ya gia inaweza kufika Bujumbura ikiwa na matairi mazuri, breki zinazoshika na fremu isiyo na ufa, lakini ikakosa mnunuzi kwa sababu ya kipande cha alumini ambacho uzito wake haufiki hata gramu 50. Kipande hicho ni sikio la derela. Derela ni kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, na sikio ndilo linaloishikilia kwenye fremu.

Sikio likipinda, gia hurukaruka na mnyororo hukwama. Likikatika, derela hubaki ikining'inia kwenye mnyororo na baiskeli haiendi tena. Ugumu haupo kwenye bei ya kipuri hiki. Ugumu ni kwamba kuna mamia ya maumbo ya masikio, na sikio la fremu moja mara nyingi haliingii kwenye fremu nyingine, hata kama baiskeli zote mbili ni za kampuni moja.

Kwa mfanyabiashara wa Burundi anayepata vipuri vyake kupitia Dar es Salaam, Kigoma, Kampala au Nairobi, kuagiza sikio lisilo sahihi ni sawa na kuanza safari upya. Mtaji unakaa, mteja anaondoka, na baiskeli nzima inaishia kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulitambua sikio linalotakiwa, mahali pa kulitafuta, na la kufanya linapokosekana.

Baiskeli gani zinahusika

Baiskeli, ambayo Warundi huiita ikinga, hubeba mizigo mingi nchini humo. Baiskeli nzito za chuma zenye gia moja ndizo zinazobeba ndizi, makaa na abiria. Hizo hazina derela na hazihusiki na makala haya.

Hata hivyo, nchi ni ya milima. Barabara ya Taifa namba 1 inashuka kutoka Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hadi mjini Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita zipatazo 773. Ni mteremko wa takribani kilomita 35. Waendesha baiskeli za mizigo hushuka nao kwa kasi, na wengi wao hurudi juu kwa kushikilia malori, jambo lililogharimu maisha ya watu. Anayetaka kupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe anahitaji gia nyepesi, na hapo ndipo baiskeli ya milimani inapopata thamani yake.

Aidha, uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi katika miaka ya karibuni uliwarudisha watu wengi kwenye baiskeli, ingawa Machi 2022 serikali ilizuia teksi za baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura.

Baiskeli nyingi za gia zinazouzwa katika ukanda huu ni mitumba kutoka Ulaya na Asia, zinazofika bandarini zikiwa zimejazwa kwenye kontena. Mzigo mmoja unaweza kuwa na baiskeli za kampuni ishirini tofauti na za miaka tofauti. Hiyo ndiyo sababu duka lenye masanduku ya minyororo, pedeli na mipira ya ndani linaweza kukosa sikio hata moja linalofaa.

Kazi ya sikio, na kwa nini limetengenezwa livunjike

Sikio limefungwa kwa bolti moja au mbili ndogo upande wa kulia wa fremu, pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa. Chini yake kuna tundu lenye nyuzi, na derela hufungwa kwenye tundu hilo.

Watengenezaji wa fremu za alumini na za kaboni hulitengeneza kwa makusudi liwe dhaifu kuliko fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, au kijiti kikiingia kwenye mnyororo, sikio hupinda au hukatika kwanza. Kwa njia hiyo fremu, ambayo bei yake ni mara nyingi zaidi, hubaki salama. Kwa maneno mengine, sikio lililovunjika limefanya kazi yake, na mwenye baiskeli hana sababu ya kulilaumu.

Fremu nyingi za chuma haziko hivyo. Huko sikio ni sehemu ya fremu yenyewe, na kwa kuwa chuma huvumilia kupindwa, fundi anaweza kulinyoosha lilipo. Kabla ya kuagiza chochote, mteja aangalie kama kuna bolti inayolitenganisha sikio na fremu. Kama hakuna, hakuna kipuri cha kuagiza, na kazi hiyo ni ya fundi.

Masikio mengi hayaharibiki barabarani, bali safarini. Baiskeli zikirundikwa kwenye kontena, juu ya basi au ndani ya mashua ya ziwani, ile iliyolazwa upande wa kulia hubeba uzito wa nyingine zote kwenye derela yake. Mwenye mzigo anaweza kupunguza hasara hii kwa mambo mawili. Kwanza, mnyororo uwekwe kwenye sahani kubwa kabisa ya gia za nyuma kabla ya kupakia, ili derela iingie ndani karibu na njiti. Pili, baiskeli zilazwe upande wa kushoto. Kwa baiskeli ya bei kubwa, derela ifunguliwe kabisa kwa spana ya pembe sita ya milimita 5, izungushiwe kitambaa na ifungwe ndani ya fremu.

Kosa linalogharimu wengi: kuagiza kwa jina la derela

Kosa linalotokea mara nyingi ni mteja kuomba "sikio la Shimano" kwa sababu jina hilo ndilo analoliona limeandikwa kwenye derela. Jina hilo halimsaidii muuzaji. Upande wa derela karibu kila kitu ni sawa: tundu lina kipenyo cha milimita 10, na nyuzi zake zina hatua ya milimita 1, iwe derela ni ya Shimano ya Japani au ya SRAM ya Marekani.

Kinachotofautiana ni upande wa pili, yaani jinsi sikio linavyokaa kwenye fremu. Kwa hiyo sikio huchaguliwa kwa kuangalia fremu. Maswali ya kujibu ni haya: fremu ni ya kampuni gani, ya modeli gani, na ya mwaka gani? Giant, Trek, Specialized, Scott na Cube zote zimetumia masikio ya aina nyingi, na kampuni moja huweza kubadilisha umbo mwaka hadi mwaka, au kutumia umbo moja kwa fremu ya alumini na jingine kwa fremu ya kaboni.

Kwenye mitumba, majibu ya maswali hayo mara nyingi hayapatikani. Stika zimebanduka, rangi imepakwa upya, na namba iliyochongwa chini ya fremu, pale mihimili ya pedeli inapopita, haisomeki. Hapo kinachobaki ni kupima.

Namna ya kulitambua sikio

Anayetaka kuagiza kutoka mbali afuate utaratibu huu kabla ya kutuma fedha.

1. Alifungue sikio kutoka kwenye fremu na kuosha grisi yote. Vipande vyote viwili vya sikio lililokatika vihifadhiwe. Sikio bovu ndilo kielelezo bora kuliko maelezo yoyote, na halipaswi kutupwa hadi jipya litakapofungwa na kufanya kazi.

2. Atafute namba au herufi zilizochongwa juu yake. Baadhi ya masikio yana namba ya mtengenezaji inayotosha kumaliza utafutaji.

3. Alipige picha pande zote mbili likiwa limelala juu ya karatasi nyeupe, na rula pembeni yake. Picha ipigwe kutoka juu moja kwa moja, kwani picha ya mshazari hupotosha vipimo.

4. Ahesabu matundu ya bolti na kupima umbali kati ya kitovu cha tundu moja na kitovu cha jingine. Tofauti ya milimita 1 inatosha kulikataa sikio. Kalipa ni bora kuliko rula kwa kazi hii.

5. Aangalie kama sikio linakaa upande wa ndani wa fremu, karibu na njiti, au upande wa nje. Masikio mawili yanaweza kufanana kwa umbo lakini yakawa kama kiatu cha kulia na cha kushoto.

6. Apime unene, na aangalie kama matundu ya bolti ni matupu au yana nyuzi. Kwa baadhi ya fremu bolti huingia kutoka nje, kwa nyingine kutoka ndani.

7. Aangalie aina ya ekseli. Baiskeli za zamani hutumia ekseli nyembamba inayofunguliwa kwa wenzo au kwa nati. Zile za karibuni zina ekseli nene ya milimita 12 inayopita moja kwa moja, na mara nyingine ekseli hiyo hujifunga ndani ya sikio lenyewe. Hapo nyuzi za ekseli nazo ni lazima zilingane, kwa kuwa kuna za hatua ya milimita 1, 1.5 na 1.75.

Taarifa hizo zikikamilika, mteja anaweza kulinganisha na katalogi. Kampuni kama Wheels Manufacturing ya Marekani na Pilo ya Israeli hutengeneza masikio ya fremu za makampuni mengi na kuyapa namba zao. Hata hivyo, namba ya mtengenezaji mmoja haina uhusiano na namba ya mwingine. Anayeagiza ataje namba pamoja na jina la mtengenezaji, na atume picha hata kama ana namba.

Majina nayo yana umuhimu. Katika maduka ya Bujumbura, ambako ankara huandikwa kwa Kifaransa, kipuri hiki huitwa patte de dérailleur. Kwenye katalogi za Kiingereza huitwa derailleur hanger. Maneno hayo mawili yakiandikwa kwenye ujumbe wa oda, wakala wa Dubai au Guangzhou hatatuma derela nzima badala ya sikio, kosa ambalo hutokea kwa urahisi.

Je, hakuna sikio moja la baiskeli zote?

Mwaka 2019 kampuni ya SRAM ilitoa sikio la pamoja linalojulikana kwa herufi UDH, na watengenezaji wengi wa fremu za milimani wakalikubali. Kwa fremu hizo kazi ya kutafuta imekuwa rahisi, kwani sikio moja linaingia kwenye fremu za makampuni mbalimbali. Tahadhari moja ni kwamba bolti yake ina nyuzi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Fundi asiyejua hilo anaweza kuikaza kwa nguvu akidhani anaifungua.

Baiskeli iliyotengenezwa kabla ya 2019 haiwezi kuwa na sikio hilo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa mitumba asidanganyike akiambiwa kwamba UDH inaingia kila mahali. Inaingia tu kwenye fremu iliyochongwa kwa ajili yake.

Kwa upande mwingine kuna baiskeli za bei nafuu ambazo hazina sikio kwenye fremu kabisa. Derela yake huja na kibamba cha chuma kinachoingia kwenye nafasi ya ekseli na kubanwa na nati. Vibamba hivyo vinafanana sana, hubadilishana kirahisi, na ni bidhaa ambayo duka lolote linaweza kuiweka bila hofu ya kukosea.

Pa kuanzia: Buyenzi

Kabla ya kufikiria mpaka wowote, utafutaji uanzie mjini. Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wake walitawanyika katika masoko mengine ya jiji. Tangu hapo hakuna tena paa moja ambalo mtu anaweza kuzunguka chini yake na kumaliza vipuri vyote.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za ukoloni, unajulikana kwa gereji zake, mafundi wake na wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Faida yake kwa anayetafuta sikio haiko kwenye maboksi mapya bali kwenye fremu zilizokufa. Fremu iliyovunjika mahali pengine huwa bado ina sikio zima, na hakuna anayelihitaji. Mteja aende na sikio lake bovu mkononi na alilinganishe ana kwa ana: vitu viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine, matundu yakakutana na kingo zikafuatana, hakuna haja ya katalogi.

Mafundi na wenye maduka wanashauriwa kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kila fremu inapotupwa, sikio lifunguliwe kwanza pamoja na bolti zake na kuhifadhiwe kwenye kopo, likiwa na karatasi yenye jina la fremu. Baada ya mwaka mmoja kopo hilo litakuwa na thamani kuliko katoni ya masikio mapya yaliyoagizwa kwa kubahatisha.

Kuagiza kutoka nje: njia zilizopo

Njia kuu ya mizigo ya Burundi ni Ushoroba wa Kati. Kwa barabara, mzigo hutoka Dar es Salaam na kupitia Kabanga upande wa Tanzania hadi Kobero upande wa Burundi, ambako kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Safari nzima hadi Bujumbura ni takribani kilomita 1,500. Kwa reli, mzigo husafiri kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kisha huvuka ziwa hadi bandari ya Bujumbura. Kwa anayetoka Kigoma kwa barabara kuna mpaka wa Manyovu na Mugina.

Dar es Salaam, hasa Kariakoo, kuna wauzaji wa jumla wa vipuri vya baiskeli. Nairobi na Kampala nazo zina maduka yanayohudumia waendesha baiskeli za milimani na za mashindano, na huko uwezekano wa kupata sikio la fremu ya kisasa ni mkubwa zaidi.

Kigali pia ina soko linalokua la baiskeli za gia, na Septemba 2025 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na mfanyabiashara wa Bujumbura hapaswi kupanga oda kwa njia hiyo bila kuuliza kwanza hali ya mpaka. Hali kadhalika, anayewauzia wateja wa Uvira kupitia Gatumba akumbuke kuwa vita vya Kivu Kusini vilitikisa njia hiyo mwaka 2025.

Wepesi wa sikio ndio unaomwokoa mwagizaji. Masikio ishirini yanaingia kwenye bahasha. Badala ya kusubiri kontena, yanaweza kuja na msafiri wa kuaminika au kwa kampuni ya vifurushi. Gharama ya kifurushi hugawanywa, kwa hiyo inafaa maduka mawili au matatu yaunganishe oda zao.

Forodha na karatasi

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na kwenye umoja wake wa forodha mwaka 2009. Wafanyabiashara wengi wadogo wanajua kwamba bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zinaweza kuvuka mipaka ya jumuiya kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Wasichokijua wengine ni kwamba utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Sikio lililotengenezwa China au Taiwan halibadiliki kuwa la Tanzania kwa sababu tu limenunuliwa Kariakoo.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, baiskeli zisizo na injini zimo kwenye kifungu namba 8712, na vipuri vyake kwenye namba 8714. Mzigo uandikwe hivyo kwenye ankara, ukiwa na idadi na bei halisi. Kuficha vipuri ndani ya marobota ya nguo hakuna faida. Kipuri cha bei ndogo kinaweza kusababisha robota zima kushikiliwa. Viwango vya ushuru na kodi hubadilika kwenye bajeti za kila mwaka, kwa hiyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya mzigo kuondoka, na risiti za mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, zihifadhiwe.

Uhaba wa fedha za kigeni nchini Burundi ni sababu nyingine ya kutokosea. Dola iliyotumika kununua sikio lisilo sahihi si rahisi kuipata tena.

Sikio limepinda: kunyoosha kabla ya kununua

Sikio lililopinda kidogo huweza kunyooshwa. Ili kulitambua, mtu asimame nyuma ya baiskeli na kuangalia vigurudumu viwili vidogo vya derela. Vinatakiwa kusimama wima, sambamba na sahani za gia. Kama cha chini kimeingia ndani kuelekea kwenye njiti, sikio limepinda. Baiskeli isipandishwe mlima ikiwa hivyo: kwenye gia nyepesi kabisa derela itaingia kwenye njiti na kung'oa kila kitu.

Kuna kifaa maalumu cha kunyooshea, lakini fundi asiyekuwa nacho anaweza kutumia gurudumu jingine la nyuma. Derela hufunguliwa, kisha ekseli ya gurudumu hilo la pili huzungushwa ndani ya tundu la sikio hadi ishike. Sasa magurudumu mawili yamesimama bega kwa bega. Fundi hupima nafasi kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Nafasi zikilingana, sikio limenyooka. Zisipolingana, hulivuta gurudumu la pili taratibu upande unaotakiwa na kupima tena. Tofauti ikibaki ndani ya milimita 4, baiskeli ya sahani saba au nane itafanya kazi. Ya sahani kumi au zaidi inadai usahihi mkubwa kuliko huo.

Mambo mawili yazingatiwe. Ekseli iwe ya milimita 10 yenye nyuzi za hatua ya milimita 1. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina ekseli ya milimita 9.5 yenye nyuzi 26 kwa inchi, ambayo huingia ikiwa imelegea na kuharibu tundu. Pili, alumini haipendi kupindwa mara kwa mara. Sikio likionyesha mstari wa ufa, au tundu likiwa limekuwa la yai, liwekwe pembeni na kutumika kama kielelezo cha kuagizia jipya.

Kuchonga sikio jipya

Kipuri kisipopatikana, fundi wa vyuma anaweza kulichonga. Vipande vya sikio la zamani huunganishwa na kuchorwa juu ya bamba la alumini lenye unene uleule, kisha hukatwa kwa msumeno na kumalizwa kwa tupa. Kazi hii inafanikiwa pale tu mambo manne yakifuatwa.

Tundu la derela litobolewe kwa keekee ya milimita 9 na kukatwa nyuzi za milimita 10 zenye hatua ya milimita 1. Nyuzi za kawaida za bolti ya milimita 10 zina hatua ya milimita 1.5, na fundi akitumia hizo derela haitaingia kabisa, au italazimishwa na kuharibika. Kikingio kidogo kilicho nyuma ya tundu kisisahauliwe, kwa kuwa skrubu ya derela huegemea hapo. Alumini ya kuyeyusha masufuria isitumike, kwani hukatika bila kupinda. Na chuma kigumu nacho kisitumike, kwa sababu baiskeli ikianguka tena kitakachovunjika ni fremu.

Kufika nyumbani

Kwa dharura ya njiani, sikio la muda linalobanwa na ekseli ya wenzo husaidia baiskeli nyingi, isipokuwa zile zenye ekseli nene ya milimita 12. Asiye nalo anaweza kufungua derela, kuufupisha mnyororo na kuupitisha kwenye sahani moja ya katikati inayolingana na ile ya mbele. Baiskeli inakuwa ya gia moja. Mnyororo huo huwa na tabia ya kupanda kwenye sahani kubwa na kukaza, kwa hiyo mtu aendeshe polepole na asibebe mzigo.

Ushauri kwa muuzaji na mnunuzi

Muuzaji wa mitumba akague masikio yote siku kontena linapofunguliwa, kabla hajapanga bei. Aandike kwenye daftari jina la kila fremu na apige picha ya sikio lake. Daftari hilo ndilo litakalomwambia ni masikio yapi yanajirudia kwenye mzigo wake na kwa hiyo yanafaa kuwekwa akiba. Kununua katoni ya masikio mchanganyiko kwa sababu ni rahisi ni kununua hasara.

Mnunuzi naye aulize sikio la akiba siku anaponunua baiskeli, wakati lililopo bado ni zima na linaweza kupimwa bila kubahatisha. Likipatikana, lifungwe chini ya kiti kwa utepe pamoja na bolti zake. Lisipopatikana, picha zake zipigwe siku hiyohiyo na oda ianze. Sikio linalotafutwa baada ya kukatika hutafutwa baiskeli ikiwa imesimama, na kila siku ya kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam ni siku ambayo mwenye baiskeli anapanda mlima akiisukuma.